Theluji Niliyoifagia

Video hiyo ilifika Kasongo kabla yangu. Niliposhuka kwenye pikipiki iliyonitoa Kindu, vumbi la safari likiwa bado kwenye kope zangu, mtu wa kwanza kunisalimu hakuniuliza habari za binti yangu wala za afya yangu. Aliniuliza kama ufagio wangu umerudi salama.

Walioiona wanajua nasema nini. Kwa ambao hawajaiona, nitaeleza kilichomo. Mzee amevaa koti la suti na kofia ya sufu ya kike. Ameinama katikati ya uwanja mweupe, akifagia kwa ufagio mfupi wa njiti za mchikichi, kama tunavyofagia kwetu, mkono wa kushoto mgongoni. Nyuma yake ardhi ni nyeusi na safi. Mbele yake kila kitu ni cheupe. Anayepiga picha yuko juu dirishani, naye anacheka hadi simu inatikisika. Mzee huyo ni mimi.

Basi watu wameongeza ya kwao. Kabambare, ambako nilifanya kazi kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, wanasema niliitoza theluji faini. Lusangi wanasema nilidhani ni unga wa muhogo uliomwagika kutoka kwenye lori. Huko Salamabila, ambako mtu hainami bila kudhaniwa anatafuta dhahabu, wanasema nilikuwa nikitafuta dhahabu. Na vijana wa pikipiki hapa Kasongo hunipungia mkono wakipita: "Papa Salongo! Kule Ulaya kumekuwa safi?"

Maneno hayo yote ni uongo. Nilijua vizuri kabisa kwamba ile ni theluji. Mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha theluji kwa chaki, na nilipata alama nzuri. Sikumtoza mtu yeyote faini. Naandika ili mambo yawekwe sawa, kwa kuwa nimeishi maisha yangu yote nikichukia mambo yanayosemwa nusu. Lakini nilipoanza kuyaweka sawa niligundua jambo ambalo halinifurahishi: wanaocheka wanacheka kwa kosa lisilo langu, na kosa langu hasa halimo katika video. Simu ile ilizimwa mapema mno.

Nianze na ufagio. Nilikuwa mtumishi wa serikali katika ofisi ya usafi. Jumamosi asubuhi, siku ya salongo, watu walipotoka kwa pamoja kusafisha mitaa na mitaro, mimi ndiye nilipita kwa pikipiki kuona nani ametoka na nani amejificha nyuma ya nyumba. Sikupendwa, na sikuomba kupendwa. Niliamini, na bado naamini, kwamba uwanja ndio uso wa nyumba. Kwetu mwanamke hufagia kabla jua halijachomoza, na michirizi ya njiti kwenye udongo huwaambia wapita njia kwamba watu wa humo wameamka wazima. Uwanja usiofagiwa hutangaza mojawapo ya mambo mawili: uvivu au msiba. Maana panapokuwa na matanga, ufagio huwekwa chini hadi siku ya kuyaondoa, na majani huachwa yaanguke yanavyotaka. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiona uwanja wenye vitu vilivyoanguka usiku, na asubuhi imeshafika, moyo wake hushtuka kwanza kabla hajauliza.

Binti yangu aliondoka wakati wa vita. Alivuka ziwa, akakaa kambini Tanzania, kisha akapelekwa Uswidi, nchi ambayo sisi tumezoea kuiita kwa jina lake la Kifaransa. Huko anahudumia wazee katika nyumba yao ya kutunzwa, na analea mtoto mmoja wa kike. Mtoto huyo alipewa jina la mama yangu mzazi. Watu wa kwetu wanajua maana yake: kwangu yeye si mjukuu tu, ni mama yangu. Humwita Mama, naye ana haki ya kuniita mtoto wake.

Haki hiyo aliitumia tangu uwanja wa ndege. Nilikuwa sijamwona ila kwenye simu. Alikuja mbele ya mama yake, akanitazama kuanzia viatu hadi kipara, akasema kwa Kiswahili chake kilichokatikakatika:

"Mutoto yangu, umefika? Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Soksi umevaa ngapi?"

"Moja kila mguu, kama watu wengine."

"Haiko mingi. Utakufa kwa baridi, nitalia." Akamgeukia mama yake. "Mtoto yangu hana akili."

Watu wa uwanja wa ndege hawakuelewa kwa nini mzee mwenye tai alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo aliniongoza. Alinifundisha kufungua mlango wa jengo, kuvuka barabara, kutupa taka kwenye pipa lake sahihi. Jambo hili la mwisho lilinipendeza sana, nikamwambia angefaa ofisini kwangu.

Nilifika mwishoni mwa mwaka, wakati mchana wao ni mfupi kama samahani ya mtu mwenye kiburi. Saa ambazo kwetu watu wanatoka shambani kurudi kula, huko taa zilikuwa zimeshawashwa. Mvua ilinyesha bila ngurumo, bila haraka, siku baada ya siku. Nilitegemea kukuta watu wanaoogopa majira ya baridi. Nilikuta watu wanaoyasubiri kama tunavyosubiri mvua ya kwanza ya kupandia. Jirani wa ghorofa ya juu, bibi mmoja mwenye nywele nyeupe aliyekuwa akiishi peke yake, alitoka kila jioni kwenye kibaraza chake, akanusa hewa, kisha akatikisa kichwa kuelekea kwetu: bado. Watu waliweka mishumaa madirishani. Walipandisha kutoka chumba cha chini magari ya mbao yasiyo na magurudumu, ya kuwavuta watoto, wakayapanguza na kuyaegemeza ukutani tayari.

"Wanapenda baridi namna hiyo?" nilimwuliza binti yangu.

"Papa, siyo baridi wanapenda. Hii giza inatuchosha. Theluji ikianguka, hata usiku kunakuwa mwangaza. Utaona."

Mtoto naye alisubiri kuliko wote. Kila jioni alikaa karibu nami kwenye kiti, akanihoji.

"Mutoto yangu, kweli hujaikanyaga hata mara moja?"

"Hata mara moja, Mama."

"Hata kidogo kidogo tu?"

"Mama, kwetu barafu hukaa ndani ya friji, na friji hukaa bila umeme."

Alicheka hadi akajipinda. Kisha akashika vidole vyangu na uso wake ukawa wa mtu mzima.

"Ikianguka, usitoke bila mimi. Uningoje. Umeahidi?"

"Nimeahidi."

Naomba msomaji aliweke neno hilo mahali pema, maana mimi sikuliweka.

Siku moja, baada ya taarifa ya hali ya hewa, simu zilianza kulia katika jengo zima. Binti yangu alitoka kuongea na majirani ngazini, akarudi akiwa amechangamka.

"Papa, kesho asubuhi mapema tutakuwa na wageni. Watu wote wa jengo. Uvae vizuri."

"Wageni gani?"

"Wageni tu, Papa. Kesho utaona."

Mtoto alikuwa nyuma yake, amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanacheka. Nililala nikijua jambo moja tu: asubuhi kuna wageni.

Niliamka kabla yao, kama nilivyoamka maisha yangu yote. Nikafungua pazia. Taa ya uwanjani ilikuwa ikiwaka, na uwanja wote, benchi, baiskeli, kamba ya kuanikia nguo, vyote vilikuwa vimefunikwa. Hapakuwa na sauti. Hapakuwa hata na alama ya mguu wa ndege. Leo nikijaribu kukumbuka weupe ule ulivyokuwa, sipati kitu, kwa kuwa sikuutazama. Niliona kitu kilichoanguka usiku. Niliona uwanja ambao haujafagiwa, wageni wako njiani, na wenye nyumba wamelala. Damu yote ya ofisi yangu ikanipanda kichwani.

Ufagio ulikuwapo. Niliuleta kutoka Kasongo ndani ya sanduku, umefungwa pamoja na chupa ya mawese, kwa sababu binti yangu alikuwa amelalamika kwamba mafagio ya huko yana fimbo ndefu na hayashiki kona. Nikavaa koti langu la suti, kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja. Nikachukua kofia iliyokuwa karibu na mlango, nikashuka.

Theluji ile ilikuwa nyepesi na kavu kama majivu ya nyasi. Haikunipa taabu yoyote. Nilianzia mlangoni nikasonga mbele, mstari kwa mstari, kama nilivyowafundisha watu wa mitaa ya Kabambare, hadi kila pembe ikaonekana. Takataka yote, maana ndivyo nilivyoiita, niliisukuma hadi karibu na mapipa, ikachanganyika na majani yaliyooza na matope. Nilikuwa natokwa jasho katikati ya baridi ile, na nasema ukweli, nilikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikuwa mtu mwenye kazi. Dirisha fulani la juu lilikuwa wazi na mtu akicheka, kijana wa kwetu anayeishi ghorofa ya tatu, lakini nilidhani anacheka na simu yake. Na kweli alikuwa anacheka na simu yake.

Video inaishia hapo.

Baada ya hapo milango ya ngazi zote ilifunguliwa karibu kwa pamoja. Watu walitoka wamevaa vizuri, watoto wameshika taa ndogo za mishumaa, yule bibi wa juu amebeba sinia la mikate na birika la kahawa. Walifika kizingitini wakasimama. Hakuna aliyetoka nje. Walitazama ardhi nyeusi iliyolowa, kisha wakanitazama mimi. Nikajinyoosha, nikaweka ufagio ubavuni, nikawakaribisha kwa Kifaransa. Nilisubiri, Mungu anisamehe, nilisubiri kupongezwa.

Mtoto alikuwa mbele ya wote. Alikuwa amevaa suti yake nene ya baridi, na mikononi alikuwa amekumbatia jozi ya buti mpya za kiume. Za kipimo changu.

"Mutoto y..." alianza. Hakumaliza. Alitazama kushoto, akatazama kulia. "Babu. Imeenda wapi?"

Nikamwonyesha mapipa kwa ncha ya ufagio. "Nimesafisha, Mama. Wageni wasikute uchafu."

"Siyo uchafu ile," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Binti yangu alinijia, akanishika mkono, akanieleza kwa Kibangubangu, lugha yetu ya nyumbani, ili wengine wasielewe, kana kwamba kulikuwa na jirani pale mlangoni ambaye angeelewa hata Kiswahili. Jengo lile limejaa watu waliotoka mbali: Somalia, Syria, Afghanistan, sisi. Na wana desturi yao. Theluji ya kwanza ya mwaka haikanyagwi hivi hivi. Mtu aliyefika mwisho, aliye mgeni kuliko wote, ndiye anayetoka kwanza, peke yake, na wengine wanasubiri mlangoni hadi afike katikati ya uwanja. Ndipo wanamfuata, wakiweka miguu katika alama zake. Mwaka uliotangulia alikuwa mama mmoja wa Syria, na mtoto wake mchanga kifuani, na watu walipiga makofi. Mtoto wetu alikuwa ameshaniombea nafasi hiyo kwa kila mlango. Alikuwa amegonga mwenyewe.

"Ilikuwa ya kwako, Papa," alisema binti yangu. "Hii yote ilikuwa ya kwako."

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nilikasirika. Nilisema, tena kwa sauti, kwamba haiwezekani mtumishi alaumiwe kwa kutofuata utaratibu ambao hakuarifiwa. Nani aliniarifu? Waliniambia wageni, nami nikafanya linalofanywa kwa ajili ya wageni. Siri za namna hiyo ndizo zinazoharibu kazi.

Binti yangu aliniacha nimalize. "Mutoto alikuambia, Papa. Nilikuwa jikoni, nikasikia. Alikuambia umungoje. Ukaahidi."

Hapa ndipo napaswa kuweka mambo sawa kuliko popote. Ningeweza kuandika kwamba nilisahau, na hakuna ambaye angeweza kunipinga. Sikusahau. Nilipoweka mkono kwenye kitasa cha mlango asubuhi ile, nilimkumbuka, nikakumbuka vidole vyake juu ya vyangu. Nikajiambia ni maneno ya mtoto, nikafungua. Kazini niliwaadhibu watu wazima walioahidi kutoka Jumamosi na hawakutoka. Ahadi niliyompa mama yangu niliihesabu si kitu, kwa sababu safari hii mama yangu alikuwa mfupi.

Na bado haikuishia hapo. Watu wale hawakunicheka. Yule bibi alimpa mtu mwingine sinia, akanishika kiwiko polepole kama mgonjwa, akaniongoza hadi kwenye ule mlundo kando ya mapipa. Mtoto alikuwa ameshatangulia. Alikuwa ameziweka buti chini, moja kando ya nyingine, ncha zikielekea kwenye theluji, na watu walikuwa wamesogea nyuma yetu na taa zao. Walikuwa tayari kuhesabu kwamba mlundo ule mchafu ndio uwanja. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua mguu.

Sikuinua. Nilitazama matope, majani, watu, dirisha la ghorofa ya tatu. Nikasema, "Mimi sikanyagi takataka mbele ya watu." Nikageuka, nikapanda ngazi, nikaenda kubadilisha viatu vyangu vilivyolowa.

Alasiri mvua ilinyesha. Jioni hapakuwa na mlundo.

Tangu saa ile hadi nilipoondoka, mtoto alinitendea kwa adabu. Hakuwahi kuninunia. "Babu, chakula iko mezani." "Babu, usiku mwema." Kila mzazi angependa mtoto wa namna hiyo. Hakuniuliza tena habari za soksi. Nami kila asubuhi nilisimama dirishani kabla ya mtu yeyote, nikitazama mvua, nikiomba kwa siri kitu ambacho mwanzoni sikuelewa kwa nini watu wanakiomba. Hakikuanguka tena kabla ya ndege yangu.

Hivyo nilirudi, na watu wa Kasongo wakaanza kuniuliza theluji ikoje. Hilo ndilo swali linalonichoma kuliko matusi ya vijana wa pikipiki, kwa sababu sina jibu. Najua tu uzito wake kwenye ufagio.

Mwaka huu, majira hayo yalipokaribia tena, nilikuwa nikimpigia binti yangu simu mara nyingi kuliko kawaida, nikijifanya kuuliza habari za kazi yake. Asubuhi moja alipiga yeye. Nilikuwa bado sijafagia uwanja wangu, majani ya mparachichi yalikuwa yametapakaa mlangoni. Nyuma ya uso wake palikuwa peupe. Akasema imeanguka usiku, familia mpya kutoka Eritrea imeshafika, baba yao ameshakanyaga, wamekunywa kahawa.

"Nipe Mama," nilisema.

Mtoto alikuja, pua nyekundu, amerefuka. Nilisimama. Nilifunga kifungo cha koti, kwa kuwa jambo lile halikuwa la kusema nimekaa. Nikamwambia kwamba nilivunja ahadi, kwamba niliikumbuka nikiwa mlangoni na bado nikaivunja, na kwamba buti alizoniwekea nilipaswa kuzivaa. Sikutaja wageni, sikutaja utaratibu. Ilikuwa taarifa fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na niliitoa kwa shida.

Nilisikia watoto wakipiga kelele nyuma yake.

"Sawa, Babu," alisema. Kisha akasogeza uso karibu. "Nionyeshe uwanja yako."

Nikageuza simu. Akaona udongo wetu mwekundu, ukuta, majani yaliyoanguka usiku.

"Hujafagia leo?"

"Bado. Nilikuwa naanza."

"Pale mlangoni usifagie. Mwaka wa kesho mama atanileta. Mimi ndio nitakanyaga wa kwanza. Uningoje." Akainua kidole mbele ya kamera. "Umeahidi, mutoto yangu?"

"Nimeahidi, Mama."

Kwa hiyo nafagia uwanja wangu kama kawaida, mstari kwa mstari, nikifika mlangoni nazunguka. Kipande kile kimeshikwa na majani, na maganda ya karanga yanayoletwa na upepo, na mbuzi hulala hapo. Wapita njia, hasa wale niliowatoa nyumbani mwao Jumamosi nilipofanya kazi hapa, husimama nje wakitazama, kisha huniuliza kwa upole usio wa kweli, "Papa, pole. Ni matanga ya nani?" Uso wangu unawaka kila mara. Nawajibu kwamba hakuna aliyekufa, namngoja mgeni. Barabara ya Kindu ni mbaya, na tikiti ni ghali, na binti yangu hajaahidi kitu. Jana kijana wa pikipiki alishuka akanyanyua ufagio wangu ili anisaidie kumalizia.

"Weka chini," nilimwambia. Akaweka.